Drili Inanuka, Randa Inararua, Nyundo Imelegea: Tuanzie Wapi Kabla ya Kuilaumu Mashine

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Grainda yangu ndogo ilianza kukosa nguvu, ukigusa chuma tu mzunguko unashuka na harufu ya mpira unaoungua inakuja, nikajiambia basi amecha (ile sehemu ya mota inayozunguka) imekufa. Nikanunua amecha, nikabadilisha mwenyewe usiku kwa kuangalia video, nikawasha, vilevile. Asubuhi nikaibeba kwenye baiskeli hadi kwa mzee mmoja anayesuka mota huku Ngamiani, Tanga, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikaanza kumweleza habari ndefu ya amecha. Hata hakunisikiliza. Akaichomeka kwenye soketi yake ya ukutani ikalia vizuri kabisa, akachukua kipande cha chuma bapa akakata mbele yangu kama anakata embe.

"Kwako unaichomekea wapi?"

Nikamwambia natoa ekstensheni sebuleni, inapita dirishani mpaka uani.

"Waya wake mnene vipi?"

Nikamwonyesha kwa vidole. Nikakiri pia kwamba ina viungio viwili nimesokota na kufunga selotepu.

Alicheka mpaka akakohoa. "Mashine ina kiu tu mwanangu, we umeifanyia upasuaji!"

Sasa tangu siku ile nina utaratibu wangu na ndo huu nataka kuuandika hapa kwa wenzangu tunaofanya kazi za mbao na chuma nyumbani kwa kupenda tu, jioni baada ya kazi na wikiendi. Utaratibu ni wa kutoka nje kwenda ndani. Kwanza umeme, pili kile kinachokata (biti, kisu, jiwe), tatu mkono wako mwenyewe, na bisibisi ya kufungulia mashine inakuja mwisho kabisa. Mara nyingi hutafika huko mwisho.

Haiwaki kabisa

Usicheke, lakini angalia LUKU kwanza. Afu chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama inaleta. Ikileta, fungua plagi. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani, ya ampia 3, 5 au 13, na fyuzi ni kitu cha bei ya maji ambacho watu wanaacha kukiangalia wanakimbilia kwa fundi. Na tafadhali ile kazi ya kuzungushia karatasi ya sigara kwenye fyuzi iliyoungua acha kabisa, fyuzi ikiungua mara ya pili inakwambia kuna kitu, isikilize.

Fyuzi ikiwa nzima nenda kwenye waya, hasa pale unapoingia kwenye mashine. Tunabeba drili kwa kuining'iniza na waya wake kama kuku, kwahiyo nyuzi za ndani zinakatika palepale shingoni na kwa nje ganda liko zima. Kama una multimita (kile kipima umeme) pima kutoka mguu wa plagi hadi ndani. Kama huna, toa biti, washa huku unaukunja waya taratibu pale shingoni, ikishtuka ikawaka ikazima umeshapata. Chomoa, kata kama sentimita 15 hivi, unga upya ndani. Dakika ishirini.

Kitu kingine cha hapa kwetu ni plagi ya miguu miwili. Mashine nyingi zinakuja nazo, na sisi tunafungua tundu la juu la soketi kwa peni au bisibisi tunailazimisha. Inashika nusunusu, inapata joto, soketi inaanza kuwa ya kahawia. Ikiwa mashine yako ina alama ya mraba ndani ya mraba maana yake imekingwa mara mbili na haihitaji waya wa ethi, kwahiyo kata hiyo plagi weka ya miguu mitatu yenye fyuzi inayolingana na mashine, ule mguu wa ethi uache mtupu. Basi.

Baada ya hapo ndo kaboni (vile vipande viwili vyeusi vinavyogusa amecha na kuipa umeme) zikiisha kabisa, au swichi imejaa vumbi. Swichi ya drili kufungua sikushauri, ina vispringi vinaruka na huvioni tena, inunuliwe nzima.

Inawaka lakini haina nguvu, au inanuka

Hii ndo iliyoniumiza kwahiyo nitakaa hapa kidogo. Umeme wetu ni volti 230. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine, gawanya kwa 230, unapata ampia. Grainda kubwa ya wati 2000 ni karibu ampia 9. Ukiipitisha kwenye waya wa 0.75 (unene wa shaba yake kwa milimita za mraba) wa mita 30 unapoteza volti 12 hivi njiani, na hapo ni shaba safi, haina viungio. Ukiikandamiza mashine ampia zinapanda na volti zinazidi kupotea. Sasa nyaya nyingi za bei poa ni alumini iliyopakwa shaba juu, ikwangue kwa kisu utaona weupe ndani, hiyo inapoteza zaidi. Na kiungio cha kusokota kinageuka jiko. Gusa ekstensheni yako baada ya kazi ya dakika tano, palipo na moto ndipo ugonjwa ulipo.

Mi sa hivi natumia waya wa 2.5 kwa uani na siungi popote. Ile ya kuzungusha kwenye gurudumu nayo ifungue yote kabla ya kazi, ikibaki imejikunja inajipasha yenyewe na nimeshaona moja imeyeyuka ikawa donge.

Kuna kesi ya kinyume, mashine ina nguvu za ajabu, inapiga kelele kama imepandwa na jini, afu baada ya sekunde chache moshi. Hiyo ni ya volti 110. Mitumba ya kutoka Uingereza ina mashine nyingi za kwenye saiti za ujenzi, wenzetu kule kwenye ujenzi wanatumia transfoma ya 110 kwa ajili ya usalama na plagi yake ni ya njano ya duara. Muuzaji hapa anakata ile plagi ya njano anaweka ya kawaida, wewe unaona mashine ya maana kwa bei ya kutupa, unafika nyumbani unachomeka. Kwaheri. Za Marekani ni 120 na za Japani ni 100, shida ileile. Soma kibati kabla ya kutoa hela, na kama kibati kimekwanguliwa ondoka tu hata kama muuzaji anakuita shehe.

Umeme ukiwa sawa na bado inanuka, angalia matundu ya hewa. Vumbi la mbao likichanganyika na grisi na hii hewa yetu ya chumvi linakuwa kama udongo wa kufinyanga. Mswaki mkavu, afu ipulizie upepo kwa yule fundi wa matairi.

Cheche

Cheche ndogo za bluu pale kaboni zinapogusa ni kawaida, mashine zote hizi zinafanya. Zikiwa kubwa, za njano, toa kaboni uziangalie. Zikibaki chini ya milimita 6 hivi badilisha, zote mbili kwa pamoja, sio moja kwasababu nyingine "bado inasukuma". Nenda na ya zamani dukani mpime ana kwa ana. Ikizidi kidogo unaweza kuisugua kwenye msasa mpaka iteleze bila kukwama, lakini ikiwa nyembamba ikacheza kwenye nyumba yake usiichukue. Ukishaweka mpya iache izunguke bure dakika chache ili zijikalie kabla ya kuibebesha kazi.

Ikiwa moto unazunguka duara zima kama pete, hapo sasa ni amecha kweli. Pima kwa multimita pale kaboni zinapogusa, kati ya kipande kimoja cha shaba na jirani yake, zunguka vyote, namba zinatakiwa zifanane. Kimoja kikiruka juu kuna waya umekatika, kikishuka sana kuna waya zimegusana. Pima pia kati ya shaba na shafti, hapo hutakiwi kupata kitu.

Hesabu yangu ni rahisi: amecha pamoja na ufundi ikizidi nusu ya bei ya mashine mpya, naacha. Ile ya zamani siitupi, natoa kava, mpini wa pembeni, gia, nati, beringi nzuri. Mke wangu anaita lile boksi makaburi, lakini siku kava yake ya blenda ilipohitaji skrubu alijua pa kwenda.

Inalia, inatetemeka

Chomoa, shika shafti itikise. Ikicheza, beringi. Namba imeandikwa ubavuni, kwa mfano 608 ni tundu la milimita 8, nje 22, unene 7, na ukitaja namba dukani hamna haja ya maelezo. Omba zenye mpira pembeni (2RS) badala ya za bati (ZZ), vumbi linaingia polepole zaidi. Ukiingiza kwenye shafti gonga ringi ya ndani tu, kwa kipande cha bomba, ukigonga ya nje umeiua kabla haijaanza kazi.

Grainda ikitetemeka ghafla mara nyingi ni jiwe na sio beringi. Jiwe la kukatia lililokaa kwenye unyevu huwa linapinda. Na lina tarehe, wengi hatujui, imegongwa kwenye ile ringi ya chuma ya katikati, kwa kawaida ni miaka mitatu tangu litengenezwe, kwasababu gundi inayoshika chenga inazeeka. Angalia tarehe kabla ya kununua yale yanayouzwa juani barabarani.

Na hapa niseme kitu kwa ukali kidogo. Kuna mtindo wa kuvua kava ya grainda ndogo na kuifunga jiwe kubwa la inchi 9 ili likate ndani zaidi. Jiwe la inchi 9 limeandikwa lisizidi mizunguko kama 6,600 kwa dakika, grainda ndogo inazunguka karibu 11,000. Hesabu hapo haihitaji mtaalam. Likipasuka huna muda hata wa kusema bismillah. Kava ibaki, miwani ivaliwe, na usisimame kwenye mstari wa jiwe.

Biti inatoa moshi haitoboi

Swali la kwanza, drili inazunguka upande gani? Nacheka lakini nimewahi kutoboa bapa dakika kumi nzima na kile kitufe cha kugeuza kiko kinyume, biti ikawa nyekundu, jirani anachungulia ukutani ananiuliza vipi bwana unachoma mishkaki.

La pili, ni biti ya nini. Ile yenye kofia ya chuma kigumu iliyobandikwa kwenye ncha ni ya ukuta, haikati chuma wala mbao. Yenye kamsumari katikati ni ya mbao. Ya chuma ncha yake kwa kawaida ni pembe ya nyuzi 118 na kingo mbili kali. Na ile alama ya nyundo kwenye drili ni ya ukuta peke yake, ukiiacha kwenye nyundo ukatoboa chuma unavunja makali kila sekunde.

La tatu ni mwendo. Kwenye chuma biti ikiwa kubwa mwendo upungue: ya milimita 5 mizunguko kama 1,600 kwa dakika, ya 10 nusu yake. Tone la oil, kandamiza kwa uhakika. Biti ikizunguka bila kukata inasugua, inapasha, ncha inageuka bluu na inaweza kuwa imelainika. Ikilainika isage mpaka uipite bluu ndo unoe. Ukinoa angalia uchafu unaotoka: ukitoka upande mmoja tu kingo hazilingani, na tundu litakuwa kubwa kuliko biti.

Drili ya betri haikai na chaji

Kwetu tunasema Tanga waja leo warudi leo, na hizi drili za betri zenye namba za kutisha pembeni, 48, 88, 128, nazo zinakuja leo zinarudi dukani leo. Niliyoifungua mimi ya "48" ilikuwa na betri tano za duara ndani. Tano mara volti 3.7 ni 18 na kidogo, ndo hiyohiyo 18 ya wenzake. Hata ile "20" ya kampuni za heshima ni betri tano, wanahesabu zikiwa zimejaa. Kwahiyo linganisha ampia-saa (kiasi cha umeme betri inachobeba) na uzito wa betri mkononi, namba kubwa ya rangi iache.

Ikizimika haraka, pima betri moja moja. Nne ziko 3.9 moja iko 2.5, huyo mmoja ndo anazima wote. Iliyoshuka chini ya volti 2 ikakaa hivo miezi usijaribu kuiamsha, zinaweza kushika moto. Kuunganisha upya mpe mwenye mashine ya kuchomelea vibati, kuchomelea kwa risasi ya kawaida kunazipikia ndani.

Patasi na randa

Hapa hakuna umeme wa kusingizia. Ukisikia mtu anasema randa yangu mbovu, asilimia kubwa ni makali, na mimi mwenyewe nilihama randa tatu kabla sijajifunza kunoa.

Dalili ya kwanza, randa inararua, uso wa mbao unakuwa kama umeng'atwa na panya. Geuza mbao. Angalia ubavuni nyuzi zinapanda kuelekea wapi, ufuate zinakopanda, kama kumpapasa paka. Ikirarua pande zote mbili, kama mvule mara nyingi, punguza kisu mpaka maranda yawe membamba ya kupitisha mwanga, na kile kibati cha juu ya kisu kisogeze karibu na makali, kama unene wa kucha.

Dalili ya pili, maranda yanajaa mdomoni yanaziba. Vua kibati na kisu, vitazame dhidi ya taa vikiwa vimebana. Ukiona mwanga unapita kati yake ndo hapo maranda yanapochomeka. Sugua ukingo wa kibati mpaka ukae sawasawa. Sio lazima upanue mdomo kwa tupa, watu wanapanua afu randa inakuwa inararua milele.

Dalili ya tatu, randa inarukaruka inaacha mawimbi. Kisu hakijabanwa, au umekitoa sana, au kuna kavumbi chini yake.

Ya nne, kisu kinakuwa butu haraka. Uliza mbao yako kwanza. Mitiki, hii inayotoka shamba la Longuza huko Muheza, ina mchanga wa asili ndani yake na inakula makali, huwezi kuikwepa, noa mara nyingi tu. Mvule unaweza kuwa na jiwe kabisa ndani, jiwe la chokaa jeupe, ukisikia krrr simama. Na mbao za mitumba ya majahazi, yaani mtu kavunja chombo pale ufukweni kakuuzia, hizo zina misumari na mchanga wa bahari, zipitishie sumaku na burashi ya waya kabla ya randa yoyote.

Kunoa kwenyewe sina kinoo cha bei. Nina kipande cha kioo kinene cha dirisha, nabandika msasa wa maji namba 240, 400, 1000. Kwanza mgongo wa patasi, ule upande bapa, usugue mpaka sentimita mbili za mwisho zing'ae zote. Hii watu wanairuka na ndo nusu ya makali. Afu upande wa mteremko, nyuzi 25 za kusaga, na ncha kabisa nyuzi 30. Unasugua mpaka ukipitisha kidole mgongoni unasikia kijichuma kimejikunja, hapo umefika, geuza ukitoe. Jaribio ni kukata kichwa cha mbao laini, uso ukitoka unang'aa umenoa, ukitoka na vumbi bado.

Ukisaga kwa grainda chovya kwenye maji kila baada ya kugusa. Ncha ikigeuka bluu ugumu umeondoka hapo, hata unoe na nini haitadumu.

Msumeno unabana njiani

Meno yamelala. Yanatakiwa yapinde moja kulia moja kushoto ili njia iwe pana kuliko bati la msumeno, kama mara moja na nusu ya unene wake. Mbao mbichi inataka zaidi. Msumeno ukikata kwenda pembeni basi upande mmoja umepinda zaidi au ni mkali zaidi, unakokwenda ndiko kuliko na nguvu, pitisha kinoo mara moja ubavu huo. Tupa ya kunolea ni ile ya pembe tatu, isukume mbele tu, ukirudi inyanyue. Ila ile misumeno ambayo ncha za meno zina rangi nyeusi-bluu imefanywa migumu kwa umeme, tupa inateleza tu juu yake, hiyo ukiisha unakata bati lake unatengenezea vikwangulio.

Nyundo inachomoka

Kuloweka kwenye ndoo ya maji usiku ni dawa ya siku moja. Mti unavimba, unajibana na chuma, nyuzi zinapondeka, ukikauka unakuwa mwembamba kuliko mwanzo. Toa mpini, weka mpya ulio mkavu kweli, kabari ya mbao kwa urefu na ya chuma ikiivuka. Mimi napenda mpera na mvinje, nachagua kipande ambacho nyuzi zinakwenda moja kwa moja kutoka kichwani hadi mkononi. Na patasi za chuma zilizochanua kichwa kama uyoga zisage, vile vipande vinaruka machoni.

Kutu

Anayeishi karibu na Raskazone, kule baharini, anajua, ukiacha patasi wazi mezani Ijumaa, Jumatatu ina rangi ya mdalasini. Hewa ina chumvi na chumvi inavuta maji. Ya juujuu isugue kwa msasa wenye oil. Ya ndani loweka kwenye siki usiku mmoja, asubuhi burashi, afu osha kwa maji yenye magadi kidogo kuua ile asidi, kausha papo hapo juani, paka oil palepale. Ukisahau hatua ya magadi kutu inarudi siku hiyohiyo, na utasema siki ni uongo. Usiloweke siku tatu, siki inakula chuma chenyewe.

Ya kila siku ni kitambaa chenye oil ya cherahani ndani ya kopo, unapitisha kabla ya kufunga boksi. Mafuta ya nazi nilijaribu, yanachacha na kunata. Na usihifadhi chuma ndani ya boksi la mbao mbichi wala juu ya sakafu ya saruji.

Kujitengenezea patasi, na inapogoma

Hii ndo raha yangu kubwa. Chuma kizuri kinalala kwenye magereji, jani la springi ya gari. Nondo haifai, unaweza kuipasha ukaizamisha mpaka kesho haiwi ngumu, haina kaboni ya kutosha. Bomba la galva usilitie motoni kabisa, ule moshi mweupe unakulaza kitandani.

Springi inakuja ngumu kwahiyo iwashe nyekundu afu ifukie kwenye jivu mpaka asubuhi. Jiko langu ni rimu ya gari, makaa ya vifuu na feni ndogo, vifuu vina joto kuliko makaa ya kawaida na hapa Tanga havikosekani. Ikishalainika ikate, itengeneze kwa tupa, ila makali yaache na unene wa milimita moja hivi. Afu pasha tena sehemu ya mbele, uwe unagusa na sumaku. Sumaku ikiacha kushika, hapo ni nyuzi kama 770, ongeza kidogo tu, zamisha kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa kidogo ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko. Sio maji, springi kwenye maji inapasuka.

Pitisha tupa. Ikiteleza kama kwenye chupa umefanikiwa. Ikishika bado, hukufika joto au ulichelewa njiani, rudia.

Sasa ni ngumu lakini ni kioo, ikianguka inavunjika. Isugue ing'ae, iweke juu ya bati lililo moto, mgongo ndo uguse, uangalie rangi zinavyotembea: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, bluu. Kwa patasi ya mbao mi nasimamisha njano inapoanza kwenda kahawia, nachovya. Ya kugongea chuma iache ifike zambarau.

Baada ya wiki ya kazi itakwambia yenyewe. Makali yakimeguka vipande vidogo, ulisimamisha mapema, irudishe kwenye bati hatua moja mbele. Yakijikunja badala ya kumeguka ulipitiliza, na hapo hamna njia ya mkato, ni jikoni tena tangu sumaku. Yangu ya kwanza ilirudi jikoni mara tatu, na bado ina kaufa kembamba karibu na shingo kwasababu mara ya pili nilikuwa na haraka nikatumia maji.